Jozi ya Majibu: Kupima Badiliko la Mwanafunzi kwa Dodoso la Mtandaoni

Ndugu waratibu, walimu wa vipindi vya jioni, wazazi, na ninyi nyote mnaobeba programu za baada ya masomo: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima matokeo ya wanafunzi kwa dodoso la mtandaoni. Kuna jambo moja ambalo yote nitakayosema yanalizunguka, kwa hiyo nalitaja mapema. Tunachotaka kukijua ni kama mtoto amebadilika, na badiliko halikai ndani ya jibu moja. Linakaa kati ya majibu mawili ya mtoto yule yule, la mwanzo wa programu na la mwisho wake. Majibu hayo mawili nitayaita jozi. Dodoso likiwa na maswali mazuri lakini jozi haziungani, kazi imepotea. Ndiyo maana inasikitisha kuona kamati ikibishana juu ya maneno ya swali la saba kwa siku kadhaa, halafu suala la jibu la mwanzo kuunganishwa na la mwisho likaachiwa fundi wa kompyuta alimalize siku ya mwisho.

Tupige hesabu pamoja. Programu ina wanafunzi 60 waliojibu mwanzoni. Kipimo ni kujiamini katika kusoma, kuanzia 1 hadi 4, na wastani wao ni 2.9. Mwishoni wamejibu 38, wastani 3.2. Ripoti inaandikwa kwamba kujiamini kumepanda kwa 0.3, na kila mtu anafurahi. Sasa warudie hao 38 peke yao uone walijibu nini mwanzoni: wastani wao ulikuwa 3.1 tayari. Wale 22 walioacha njiani walikuwa na wastani wa kama 2.55. Wastani wa jumla ulipanda kwa sababu waliokuwa chini waliondoka. Badiliko la waliobaki ni 0.1 tu. Na ikiwa tofauti za mtoto mmoja mmoja zina mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi zinavyotawanyika) wa 0.6, basi kwa jozi 38 ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho bahati tu inaweza kuusogeza wastani, ni karibu 0.2 kila upande, kwa hiyo hiyo 0.1 huwezi kuitofautisha na sifuri.

Hakuna aliyedanganya katika ripoti ile. Wamelinganisha makundi mawili yasiyo sawa, basi. Lakini tazama kilichofichika humo: watoto wasiojiamini ndio wanaoacha programu. Kwa mratibu, hiyo ni habari kubwa kuliko ile 0.3, na asingeipata bila jozi.

Sasa, jozi huunganishwaje? Njia ya kwanza inayokuja akilini ni kumwomba mtoto aandike jina lake. Tatizo ni kwamba mtoto akishaandika jina hujibu kama anayesomewa na mwalimu. Njia ya pili ni kumwambia ajitungie namba ya siri: herufi za kwanza za jina la mama, siku ya kuzaliwa, na kadhalika. Kwenye karatasi ya mpango inapendeza. Kwa watoto inavunjika. Mwanzoni mtoto anaandika jina la mama mzazi, mwishoni anaandika la shangazi anayemlea. Mwanzoni anaandika 7, mwishoni 07. Jozi nyingi hupotea hivyo, na zinazopotea zaidi ni za watoto wenye maisha ya kuhamahama, ambao tungependa sana kuwasikia.

Njia inayosimama ni kumpa kila mtoto namba. Mtu mmoja, asiye mwalimu wa kipindi, ndiye anayetunza sajili inayoonyesha namba ipi ni ya nani, na sajili hiyo haikai pamoja na majibu. Namba zianzie 1001 au zaidi, kwa sababu lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel, hufuta sifuri za mbele: 0147 inageuka 147, na ukija kuunganisha, kompyuta inakuambia hazifanani. Pia usizifuatanishe. Ukigawa 1001, 1002, 1003, kosa la kubonyeza tarakimu moja linampeleka mtoto kwenye namba ya jirani yake, na huwezi kuligundua. Namba zitofautiane kwa tarakimu mbili angalau, ili kosa moja litoe namba isiyokuwepo, ulione mara moja. Afadhali zaidi, kila mtoto apewe kiungo chake chenye namba ndani yake, asichape chochote.

Jambo la uaminifu hapa. Kwa kuwa sajili ipo, majibu hayo ni ya siri lakini si ya mtu asiyejulikana. Msiwaambie watoto kwamba “hakuna atakayejua ni nani amejibu.” Waambieni ukweli: mwalimu wako hataona majibu yako, na mtu mmoja anayetunza namba ndiye anayeweza kujua. Watoto huelewa maelezo hayo vizuri kabisa.

Kuhusu wakati: siku ya kwanza haifai, kwa kuwa nusu ya watoto bado hawajaandikishwa na wengine wamekuja kuchungulia tu. Ukingoja mwezi, programu imeshaanza kufanya kazi yake na mwanzo wako si mwanzo tena. Wiki ya pili ndiyo nafasi nzuri. Kipimo cha mwisho kifanyike wiki tatu hivi kabla ya kufunga, si wiki ya sherehe, maana mahudhurio hushuka kuelekea mwisho na utahitaji siku za kuwafuata waliokosa. Saa ya siku iwe ile ile mara zote mbili. Mtoto aliyejibu akiwa ametoka kula, kisha akajibu tena saa ya mwisho akiwa hoi, amepimwa uchovu.

Nini kiulizwe? Mambo matatu, kama yanazidi yasifike matano. Kila moja liwe na shughuli inayoligusa. Mtindo ninaoupendekeza ni kuandika kwanza saa: katika muhula huu, ni saa ngapi hasa zinatumika kujenga jambo hili? Kama kusoma kumepewa saa 12 tu kwa muhula mzima, usiweke alama za mtihani wa shule kuwa tokeo lako. Huko Marekani, mpango mkubwa wa serikali kuu wa vituo vya baada ya masomo, uitwao 21st Century Community Learning Centers, ulifanyiwa tathmini ya kitaifa, ripoti zake zikatoka kati ya 2003 na 2005, na kwa ujumla haikuona faida kubwa katika masomo. Watu wengi walivunjika moyo. Kisha mwaka 2010 watafiti Joseph Durlak, Roger Weissberg na mwenzao wakachapisha uchambuzi uliokusanya tafiti karibu 70 za programu za baada ya masomo zilizolenga stadi za binafsi na za kijamii. Wakaona programu zenye sifa nne zilileta faida, na zilizokosa sifa hizo hazikuonyesha faida ya kueleweka. Sifa zenyewe ni hizi: shughuli zinapangwa hatua kwa hatua, watoto wanatenda badala ya kusikiliza tu, kuna muda uliotengwa kwa stadi hiyo, na lengo linatajwa wazi. Kwa mpimaji, somo ni kwamba ukishindwa kuutaja ustadi unaoufundisha, dodoso halitakutajia.

Tukija kwenye maswali yenyewe, hapa kuna mengi.

Kila tokeo lipewe maswali manne au matano, na wastani wake ndio uwe alama. Swali moja peke yake huyumba. Mtoto akilisoma vibaya, umepoteza kipimo chote. Wataalamu hupima mshikamano wa maswali, yaani kama majibu yake yanaelekea upande mmoja, kwa alfa ya Cronbach, iliyotangazwa mwaka 1951, na wengi hutaka ifike 0.70. Msiiabudu. Alfa hupanda kwa kuongeza idadi ya maswali tu, hata kwa kurudia swali lile lile kwa maneno mengine.

Umri unatawala kila kitu. Chini ya miaka minane, achaneni na dodoso la kujisomea. Tumieni mtu mzima anayemtazama mtoto na kujaza orodha ya mambo yanayoonekana. Kati ya miaka minane na 11, maswali 15 hivi, dakika kumi, majibu manne yenye maneno. Vijana wanaweza kufika maswali 25 au 30. Nyuso za kucheka na kununa zinavutia, ila watoto wadogo wengi hukimbilia uso unaocheka kuliko zote, na kipimo chako kinajaa juu.

Epukeni ukanushi. Katika Kiswahili hatari hii ni kubwa, kwa sababu ukanushi wetu unabebwa na silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. “Siogopi kuuliza swali darasani,” mtoto anayesoma haraka anaona kuogopa, anajibu kuogopa. Halafu majibu yenyewe ni “Nakubali” na “Sikubali”, hivyo mtoto jasiri anatakiwa akubali kwamba haogopi, na mwoga akatae kwamba haogopi. Watu wazima wenyewe hujikwaa hapo. Andikeni “Nikiwa na swali, nanyoosha mkono na kuuliza,” kisha ulizeni ni mara ngapi. Mara ngapi katika wiki mbili zilizopita, si “kwa kawaida”, kwa kuwa mtoto wa miaka tisa hana kawaida kichwani, ana juzi na wiki iliyopita. Wala msiunganishe mambo mawili: “Napenda kusoma na kuandika” humwacha pabaya anayependa kimoja.

Kabla ya kutuma, wakalisheni watoto watano au sita wasio katika programu. Kila mmoja asome swali kwa sauti, kisha mwulizeni, “Hili swali linakuuliza nini?” Msimsahihishe, sikilizeni. Kwa saa moja tu mtaona maswali mabovu ambayo kamati haikuyaona. Angalieni pia dari: kama zaidi ya nusu ya watoto wanachagua jibu la juu kabisa mwanzoni, swali hilo halina mahali pa kupanda. Libadilisheni sasa. Katikati ya mwaka msiguse neno hata moja, maana jozi itakuwa ya maswali mawili tofauti.

Kuna jambo linalowatesa waratibu wengi: watoto wamefundishwa vizuri, kila mtu anaona, na alama zinashuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa saikolojia George Howard na wenzake walilieleza. Mtu akijifunza, kipimo chake cha ndani huhama. Mtoto aliyesema mwanzoni “najua sana kufanya kazi na wenzangu” hakuwa amewahi kufanya mradi wa kweli na wenzake. Baada ya miezi sita anajua ugumu wake, anajipa alama ya chini. Dawa waliyopendekeza ni kumwuliza mwishoni mambo mawili kwa pamoja: ulikuwaje kabla ya kujiunga, na ukoje sasa. Inasaidia kwa vijana. Kwa watoto wadogo kumbukumbu haifiki huko, na hata kwa wakubwa swali hilo linawavuta kusema wameendelea. Liwe nyongeza, na matokeo yake yasichanganywe na ya jozi.

Na lipo la upande wa pili, alama zinazopanda bila sababu. Mkichukua watoto waliopata alama za chini kabisa tu, wengi watapanda kidogo hata msipofanya lolote, kwa sababu baadhi walikuwa chini siku ile kwa bahati mbaya. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na watoto. Watoto pia hukua. Miezi tisa ya shule inawabadilisha bila ninyi. Ndiyo sababu orodha ya wanaosubiri nafasi ni hazina. Watoto hao na wazazi wao waliitaka programu vilevile, ila nafasi hazikutosha. Wapeni dodoso lile lile, siku zile zile, na mlinganishe.

Sasa twende chumba cha kompyuta, maana mengi huharibikia hapo.

Programu nyingi za kompyuta za kutengenezea madodoso huja na kizuizi cha jibu moja kwa kila kifaa. Kizimeni, la sivyo mtoto wa pili kwenye kishikwambi kile kile atakuta mlango umefungwa. Kuna baya zaidi: kifaa kikitunza majibu yasiyokamilika, mtoto wa pili anaendeleza dodoso la wa kwanza, na majibu ya watu wawili yanakuwa ya mmoja. Dirisha la faragha la kivinjari lifungwe na kufunguliwa upya kwa kila mtoto.

Maswali yaliyopangwa kwa jedwali, safu kwa safu, yanaonekana vyema kwenye skrini ya ofisini. Kwenye simu, safu ya mwisho kulia inaweza kujificha nje ya skrini. Mtoto hajui kuna “Mara nyingi sana” huko, anachagua anachokiona, na alama za kundi zima zinashuka. Swali moja chini ya jingine, majibu yakishuka wima. Msilazimishe kujibu kila swali. Anayelazimishwa hubonyeza chochote apite. Na mjaribu mtandao kwa vifaa vyote kwa wakati mmoja, si kimoja, kwa sababu vifaa 25 vikifungua ukurasa pamoja ndipo kasi inapojulikana.

Mwalimu wa kipindi asisimamie. Akiwapo lazima, asimame mahali asipoona skrini. Maelezo yasomwe kutoka kwenye karatasi, maneno yale yale kila kundi, na swali la mtoto lijibiwe kwa kulisoma tena tu, bila kulifafanua. Kwa watoto wanaosoma polepole, maswali yasomwe kwa sauti kwa kundi zima. La sivyo mtakuwa mmepima kasi ya kusoma.

Waliokosa siku hiyo wafuatwe kwa siku kumi, hapo hapo kwenye programu. Kutuma kiungo nyumbani ni rahisi, lakini mzazi akikaa karibu, jibu linakuwa la watu wawili, na mwanzo wa darasani haulingani na mwisho wa sebuleni.

Takwimu zikishatoka, kabla ya wastani wowote fungueni safu moja moja kwa macho. Tafuteni “Sijui” iliyopewa namba 5 na mfumo. Mtoto asiyejua anageuka kuwa aliyefanikiwa kuliko wote. Tafuteni nafasi tupu zilizosomwa kama sifuri. Namba iliyojitokeza mara mbili, chukueni jibu la kwanza lililokamilika. Mtoto aliyemaliza maswali 20 chini ya dakika moja, yaani chini ya sekunde tatu kwa swali, na majibu yote ni 3, atiwe alama ya shaka. Sheria ya kuwaondoa wa namna hiyo iandikwe kabla hamjaona matokeo. Ikiandikwa baada, kila mtu atashawishika kuwaondoa wanaoshusha.

Halafu unganisheni na daftari la mahudhurio. Kwa miaka mingi programu ile ya Marekani niliyoitaja ilimhesabu mhudhuriaji wa kudumu kuwa ni aliyefika siku 30 au zaidi kwa mwaka. Wekeni mpaka wenu mapema, na mwoneshe waliofika sana na waliofika kidogo kila kundi peke yake. Tahadhari tu: anayefika kila siku huenda alikuwa tofauti tangu mwanzo, kwa hiyo mlinganisho huo ni dalili, si uthibitisho.

Ripoti ianze na hesabu ya watu: walioandikishwa 64, waliojibu mwanzoni 60, jozi 38. Msomaji ajue hayo kabla ya asilimia yoyote. Kisha semeni wangapi wamepanda, wangapi wamebaki, wangapi wameshuka, na alama za mwanzoni za walioondoka. Kundi lenye watoto chini ya kumi lisioneshwe peke yake. Katika programu ndogo, “wasichana wa darasa la sita” wanaweza kuwa watatu, na kila mtu anawajua.

Ridhaa ya mzazi ipatikane kabla, na mtoto mwenyewe aulizwe, aruhusiwe kukataa bila kupoteza nafasi yake. Umri ambao sheria inamtazama kwa namna ya pekee hutofautiana: Marekani sheria ya faragha ya watoto mtandaoni inahusu walio chini ya miaka 13, na Umoja wa Ulaya umeweka miaka 16 ambayo nchi mwanachama inaweza kuishusha hadi 13. Someni sheria ya mahali mlipo kabla ya kuchagua mtoa huduma. Mkiweka swali la kuandika kwa uhuru, lazima awepo mtu wa kusoma majibu siku ile ile. Mtoto anaweza kuandika hapo kwamba anapigwa. Likikaa wiki sita likisubiri mchambuzi, tumemwomba aseme kisha tukamwacha. Basi ahadi ya siri iwe na mpaka, na mpaka huo asomewe kabla hajaanza: ukiandika kwamba wewe au mwingine yuko hatarini, tutamtafuta mtu wa kusaidia.

Matokeo warudishiwe watoto na walimu wao ndani ya mwezi mmoja, yakiwa kwenye ukurasa mmoja, na waulizwe wanadhani ni kwa nini yako hivyo. Tarehe ya kufuta sajili ya namba iandikwe kwenye fomu ya ridhaa tangu mwanzo, na siku ikifika, baada ya jozi kuunganishwa na kukaguliwa, ifutwe mbele ya mtu wa pili, nakala zote, pamoja na ile iliyobaki kwenye barua pepe.

Asanteni. Niko tayari kwa maswali.